Bweranyange: nani anakula fedha za safari ya siku moja?

Kata ya Nyakasimbi, wilayani Karagwe, ni nchi ya migomba na kahawa. Utalii si kazi ambayo mtu wa huku angekutajia ukimuuliza anaishi kwa kitu gani. Hata hivyo, ndani ya wilaya hiyohiyo kuna Bweranyange, yaliyokuwa makao ya Wahinda waliotawala Karagwe, mahali ambapo mtu anaweza kwenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Safari ya namna hiyo ni biashara. Makala hii inafuatilia fedha yake inaingia wapi na inatokea wapi.

Kwanza tujue kinachouzwa. Tarehe 25 Novemba 1861 msafara wa wapelelezi kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, ulifika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika, ukiwa na Sidi Mubarak Bombay miongoni mwa viongozi wake. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862, lakini Grant alibaki hadi Aprili akiuguza mguu, muda wote akiwa mgeni wa mfalme. Ziwa walilolitazama kutoka kwenye makao hayo Grant aliliita Windermere, akikumbuka ziwa la kwao Uingereza. Hapo nasimama kidogo. Reli ilikuwa imeshafika kwenye lile Windermere la Uingereza tangu mwaka 1847, na watu wa mijini walikuwa wanakwenda kutembea na kurudi. Maziwa mawili yalipewa jina moja; moja limelisha vizazi vya wenye hoteli, mashua na migahawa, jingine halijulikani hata kwa wanafunzi wengi wa Kagera.

Wageni hao hawakuikuta Karagwe imelala. Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, wakinunua pembe za ndovu kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Kabla ya Speke, Musa Mzuri, mfanyabiashara kutoka Surat aliyeweka makao Kazeh, Tabora ya leo, alikuwa ameshafungua njia ya biashara hadi huku. Stanley, mpelelezi mwingine, alipopita mwaka 1876 alioneshwa nyumba ya hazina ya mfalme, yenye mikuki na sanamu za ng'ombe na ndege za shaba. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walikuwa na wahunzi wa kiwango hicho, na mimi naona hiyo ndiyo habari inayostahili kutangulia habari za Wazungu wapita njia.

Tatizo la kibiashara ni kwamba makao ya Rumanyika yalijengwa kwa miti na nyasi. Misonge ya aina hiyo hujengwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Anayeijenga akiondoka, inarudi ardhini. Mgeni anayepanda kilimani akitarajia kuta hatazikuta. Anachokikuta ni mandhari na mtu wa kumweleza: hapa palikuwa hivi, pale palikuwa vile. Bila mtu huyo, mgeni ameona kilima tu. Kwa hiyo msimuliaji ndiye bidhaa yenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, maana gari hulipwa, dereva hulipwa, mafuta hulipwa, aliyeandaa safari kutoka Bukoba au Mwanza anabaki na faida yake, kisha mzee aliyesimulia saa nzima anapewa "asante" kwa kadiri ya moyo wa mgeni.

Watu wa Kagera wanaijua hesabu hii. Ni butura, ile biashara ya kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado maua kwa sababu shida imebisha hodi leo. Bei inapangwa na mwenye fedha mkononi, na mavuno yakifika mwenye shamba hana chake.

Ugenini wamelitatuaje tatizo hili? Tuchukue Conwy, mji mdogo wa Wales. Ngome yake ilijengwa kwa amri ya mfalme Edward wa Kwanza kati ya 1283 na 1287, ikagharimu pamoja na kuta za mji takriban pauni 15,000 za wakati ule, na tangu 1986 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Tiketi ya ngome inakwenda Cadw, chombo cha serikali ya Wales. Lakini gatini kuna kijumba chekundu chenye upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 3 hivi, kinachotangazwa kuwa nyumba ndogo kuliko zote Uingereza. Mpangaji wake wa mwisho, mvuvi Robert Jones, alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1.9; alihama mwaka 1900. Tangu hapo watu wanalipa ili wachungulie alivyokuwa akiishi. Mawe ya mfalme huvuta umati, na nyumba ya mvuvi inachuma chake palepale kwenye umati huo, kwa sababu ina mlango, bei iliyoandikwa, na mtu wa kupokea.

Kwetu umati unaweza kuja. Lami ya Kyaka hadi Bugene imerahisisha njia ya kutoka Bukoba. Mwaka 2019 mapori ya Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, na Wilaya ya Kyerwa ina chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambayo Stanley aliifikia pia. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ni haki. Swali ni nini kinachobaki kwa mama ntilie, kwa kijana wa bodaboda wa Nyakasimbi, na kwa kaya yenye kahawa.

Kahawa yenyewe ni jibu mojawapo. Mgeni anayeingia nyumba ya Kinyambo huwekewa buni zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, hutafunwa, hazisagwi. Ni nyepesi kubeba, haziozi njiani, na pale Omurushaka, mji mdogo wa Karagwe, mgeni anaweza kupita bila kujua kama zipo. Kifurushi kidogo cha ganda la mgomba, chenye jina la kijiji, kingeuzwa kwa mara nyingi ya bei ya kahawa ya maganda ghalani.

Mfano wa karibu upo Katuruka, nje ya Bukoba, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Baadaye wanakijiji wenyewe walikusanya simulizi za wazee, wakajenga upya nyumba za kimila na kupokea wageni. Sheria haiwazuii watu wa Bweranyange kupanga bei: halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikapita mkutano mkuu wa kijiji na baraza la madiwani.

Mteja wa kwanza simwoni akitoka Ulaya. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala mpya, na shule za Karagwe na Kyerwa zinatakiwa kulifundisha. Watoto 40 kwenye basi moja watalipa kidogo kila mmoja, lakini wanakula chakula cha mchana, wanarudi mwaka unaofuata wakiwa wengine, na ada ya msimuliaji inaweza kuandikwa kwenye bajeti ya safari kabla basi halijawashwa.