Utando, Ukoga na Kiwambo: Juu ya Istilahi za Maisha ya Bakteria

Neno "utando" latokana na kitenzi kutanda. Wingu hutanda, na maziwa yaliyochemshwa hufanya utando juu yake. Katika maandishi ya elimu ya viumbe neno hili limepewa kazi mbili: hutajia ngozi nyembamba izungukayo seli, na hutajia pia tabaka la ute ambalo bakteria hulijenga juu ya jiwe, jino au chombo cha maji. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kazi hizo mbili hazifai kubebwa na neno moja, maana kitu cha kwanza hubadilika kikiwamo ndani ya cha pili.

Tuchukue mfano wa dumu la maji katika nyumba ya Mbuba, wilayani Ngara. Dumu lisiposuguliwa siku nyingi, ukuta wake wa ndani huteleza. Bakteria waliokuwa wakielea wamenata hapo, wakagawanyika, wakatoa ute wenye sukari na protini, na sasa wakaa pamoja ndani yake. Kiswahili kinalo jina lifaalo tangu zamani, nalo ni ukoga, yaani ule uchafu ugandao katika meno yasiyopigwa mswaki. Ukoga wa meno nao hujengwa na bakteria.

Kila seli iliyomo imezungukwa na ngozi yake yenyewe, ambayo ndani yake mna lipidi zenye asidi za mafuta. Asidi zilizoshiba hidrojeni zina minyororo iliyonyooka, nazo hubanana, kama samli igandavyo asubuhi ya baridi katika vilima vya Ngara. Nyingi za zile zisizoshiba zina kipindo, hazibanani, kama mafuta ya alizeti yasiyoganda upesi. Bakteria hubadili uwiano wa asidi hizo kwa kadiri ya mazingira. Baridi ikizidi, wengi huongeza zisizoshiba ili ngozi isigande. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu stafilokoki, salmonela na wengineo, ulionyesha kwamba seli zikaazo katika ukoga huongeza asidi zilizoshiba, na ngozi yao hukazika.

Hapo ndipo neno "kiwambo" linapostahili. Ngoma huwambwa, na kitanda huwambwa; wazo la kukaza na kulegea limo katika mzizi wa neno. "Utando" hauna wazo hilo.

Jambo hili si la kamusi tu. Mwezi wa Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara kwa siku chache, na usalama wa maji ukawa jambo la kufa na kupona. Klorini huua upesi bakteria waeleao, bali hupungua nguvu ikutanapo na ute, hata waliomo ndani wakasalimika. Hapana budi dumu lisuguliwe kabla ya kutiwa dawa. Bwana afya asemaye kwamba "utando hukazika ndani ya utando" hataeleweka. Asemaye kwamba viwambo hukazika ndani ya ukoga ataeleweka, na atakapoamuru ukoga usuguliwe kila mtu atajua asugue nini.

Basi napendekeza seli ipewe kiwambo, jumuiya ya bakteria ipewe ukoga, nao utando ubakie kwa maziwa, mawingu na buibui.