Mbivu Si Zako: Gita na Utulivu wa Wafungwa

Kitabu ambacho Wahindu wengi hukikimbilia wakati wa dhiki kinaanza na mtu aliyepoteza utulivu kabisa. Arjuna, mpiga upinde hodari, yuko katikati ya uwanja wa Kurukshetra, majeshi mawili yametazamana. Upande wa pili anamwona babu yake Bhishma, mwalimu wake Drona na binamu aliokua nao. Mdomo unamkauka, mwili unamtetemeka, ngozi inamwaka, upinde unamponyoka. Anajibwaga ndani ya gari lake la vita na kusema hapigani. Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, ni mazungumzo yake na Krishna, mwendeshaji wa gari hilo. Jambo la kwanza analoambiwa ni karipio. Pole hakuna.

Inafaa kulikumbuka hilo, maana siku hizi hekima ya kale ya Kihindu huuzwa pamoja na mkeka wa yoga, mshumaa wa manukato na ankara ya wikiendi hotelini. Arjuna hakupewa hata likizo.

Fundisho lenyewe ni jepesi kulieleza. Fanya linalokupasa kwa uwezo wako wote, kisha usiifunge roho yako kwenye matokeo, kwa kuwa matokeo yana wenyewe wengi: watu wengine, bahati, wakati. Sisi tumelelewa kwa kuambiwa mvumilivu hula mbivu. Krishna anaukubali uvumilivu, halafu anaziondoa mbivu mezani. Ni habari ngumu kwa mkulima, na ngumu zaidi kwa aliyemkopesha.

Hata hivyo ndani yake kuna faraja. Mtu akipatwa na shida huumia mara mbili: kwanza kwa shida yenyewe, pili kwa mkataba aliodhani amewekeana na dunia kwamba akiwa mwema atalipwa wema. Gita inauchana mkataba huo. Shida haiondoki, ila ile kesi mtu anayoifungulia dunia kila usiku kitandani inakosa mashiko.

Maneno hayo ni rahisi kuyasema ukiwa umeshiba. Ndiyo maana wasomaji wa Gita wa kuwasikiliza zaidi ni wale walioisoma gerezani. Mwaka 1908 Bal Gangadhar Tilak, mhariri wa gazeti la Kesari, alihukumiwa Bombay kifungo cha miaka 6 kwa makala ambazo wakoloni wa Kiingereza waliziita uchochezi. Akapelekwa Mandalay, Burma, mtu wa makamo mwenye kisukari. Huko, kati ya mwisho wa 1910 na mwanzo wa 1911, aliandika kwa penseli ufafanuzi mnene wa Gita kwa Kimarathi, unaoitwa Gita Rahasya. Mwaka 1912 mkewe alifariki, naye angali kifungoni. Aliachiwa 1914, na kitabu kikatoka 1915. Hoja yake kuu ni kwamba Gita inamtaka mtu abaki duniani na kuitumikia bila kujitafutia chake. Mwenye shaka atasema mfungwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo hoja hiyo ilimjia bila gharama. Mimi naona kinyume chake. Kama kuna mtu ambaye fundisho la kujitenga na dunia lingemfariji, ni yeye, kwani serikali ilikuwa imeshamtenga bila malipo.

Gandhi naye alifungwa Agosti 1942 katika kasri la Aga Khan mjini Pune, jela yenye bustani na varanda pana. Haikupita wiki, katibu wake wa miaka mingi, Mahadev Desai, akafia humo humo. Tarehe 22 Februari 1944 akafuata Kasturba, mkewe wa zaidi ya miaka 60. Beti za mwisho za sura ya pili, zinazomweleza mtu ambaye akili yake imetulia katika raha na karaha, zilikuwa sehemu ya sala za jioni katika ashramu ya Gandhi. Alizijua kwa moyo. Lakini siku ya kuuchoma mwili wa Kasturba, walipomsihi akapumzike, alikataa, akabaki pale mpaka moto ulipomaliza kazi yake. Anayedhani utulivu wa Gita ni ganzi na aitazame siku hiyo. Majonzi yalikuwapo yote. Hayakumgeuza kuwa mtu mwingine, basi.

Makala nyingi za aina hii huishia hapa, msomaji akiwa ameshafarijika. Tatizo ni kwamba Gita ina msomaji mwingine. Nathuram Godse, aliyempiga Gandhi risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948, alijitetea mahakamani kwa kumtaja Arjuna, aliyelazimika kupigana na jamaa zake, Bhishma akiwamo. Novemba 1949 alinyongwa katika gereza la Ambala, na inasimuliwa kwamba aliiendea kamba akiwa na nakala ya Gita. Mahakamani naye alisisitiza kwamba imani yake katika tendo hilo haikutetereka.

Kwa Gandhi, vita vya Kurukshetra vilikuwa vita vya ndani ya moyo, na aliyeacha kuyang'ang'ania matokeo hawezi kuendelea kuua. Kwa Godse, uwanja ulikuwa uwanja na adui alikuwa adui. Beti ni zile zile. Kwa hiyo utulivu wa moyo haupaswi kupewa kazi isiyo yake. Humwezesha mtu kuendelea na wajibu akiwa amefiwa, amefungwa au amefilisika, na hilo si dogo. Lakini hauwezi kumthibitishia kwamba wajibu wenyewe ni wa haki. Hilo ni swali la kuulizwa kabla ya mtu kutulia, tena mbele ya watu wenye uhuru wa kumpinga, kwa sababu akishatulia hatakuwa na sababu ya kuliuliza.