Imeharibika: Tuitengeneze au Tununue Ingine?



Karibu kila nyumba ya hapa kwetu iko na mfuko mmoja chini ya kitanda. Ndani yake mna redio isiyosema, lampu ya sola isiyowaka, simu yenye kioo kilichopasuka na chaja tatu ambazo hakuna anayejua ni za nini. Hatuzitupi kwa sababu zilitugharimu. Hatuzitengenezi kwa sababu tunaogopa kupoteza pesa mara mbili. Sisi walimu wa kujitolea tunaliona jambo hili hata darasani: mtoto ambaye lampu ya kwao imekufa haleti kazi ya nyumbani. Ndiyo maana mwezi huu tunaongea juu ya swali hili: kutengeneza au kununua?

Kwanza, jua kilichokufa

Chombo kikinyamaza, tunasema "kimekufa". Mara nyingi ni kiungo kimoja tu kilichokufa. Katika lampu ya sola, zile taa ndogo za LED hudumu maelfu ya masaa. Kinachochoka mapema ni betri. Kabla ya kulaumu betri, pangusa vumbi kwenye paneli, kisha angalia waya pale inapoingia kwenye paneli na pale inapoingia kwenye lampu. Hapo ndipo inapokatika kwa kukunjwa kila siku.

Redio nayo, fungua mahali pa mawe. Kama mawe yametoa maji na kuacha unga au kutu kwenye vile vyuma, toa mawe, kwangua kwa msasa, futa kwa kitambaa kikavu, weka mawe mapya. Redio nyingi zinarudi kusema hapo hapo, bila kumlipa fundi hata faranga moja.

Simu isiyoingiza chaji, jaribu kwanza kebo ya jirani. Halafu angalia tundu la chaji: vumbi la mfukoni hujaa mle. Zima simu, litoe pole pole kwa kijiti kikavu cha mti, si kwa sindano.

Hesabu ya miezi

Watu wengi wanalinganisha bei peke yake. Afadhali kulinganisha bei na muda. Hii ni mifano tu. Tuseme betri mpya ya lampu ni faranga 3,000 na itakupa miezi 12. Hiyo ni faranga 250 kwa mwezi. Lampu mpya ya bei ndogo ni 6,000, nayo itadumu miezi 12 vile vile: ni 500 kwa mwezi. Hapo, tengeneza.

Sasa tuchukue simu ya zamani. Fundi anataka 7,000, na unajua ina magonjwa mengine, haitapita miezi 4. Hiyo ni 1,750 kwa mwezi. Simu ingine ya 15,000 ikidumu miezi 20 ni 750 kwa mwezi. Hapo, usiwe mtumwa wa simu ya zamani.

Simu si chombo tu

Lakini kuna hesabu ambayo haiandikwi kwa faranga. Wengi wetu tuko na namba za ndugu waliobaki Masisi, Rutshuru ao Goma ndani ya simu hizo, na picha za watu ambao hatuna picha yao ingine. Ukibadilisha simu mbovu kwa ingine sokoni, unaviacha vyote mikononi mwa mtu usiyemjua. Kabla ya kuiuza ao kuipeleka kwa fundi, andika namba zote kwenye daftari. Toa laini yako na kadi ya memori. Kama kioo kimekufa tu, picha zingali ndani: kulipia kioo kunaweza kuwa na faida hata kama simu mpya ni rahisi. Na aliyekwisha kupoteza namba za jamaa asikate tamaa. Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana.

Kama maji yameingia

Watu wa Nyundo hawajasahau usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi. Nyumba zilizobaki zimesimama zilijaa matope, na vyombo pia.

Chombo kilicholowa usikiwashe "kuona kama kinafanya". Umeme ukipita kwenye maji, unaunguza kile ambacho maji hayakuharibu. Chomoa, toa betri, fungua, safisha matope kwa brashi na spiriti, kisha anika kivulini penye upepo siku kadhaa. Baada ya hapo ndipo ujaribu.

Pale ambapo hatutengenezi

Betri ya simu iliyovimba haitengenezwi. Usiitoboe, usiikandamize, usiirudishe kwenye chaji: inaweza kuwaka moto, na katika nyumba zetu zilizobanana moto haukai kwa mtu mmoja. Betri yoyote usiitupe motoni wala chooni. Rwanda iko na kiwanda cha kuchakata taka za umeme kule Bugesera, kwa hiyo uliza viongozi wa eneo lako mahali pa kuzipeleka.

Na ukinunua betri ya lampu, peleka ile ya zamani usome namba zake. Betri ya volti 3.2 na ya volti 3.7 zinaweza kufanana kwa sura, lakini hazichajiwi sawa.

Kwa fundi, uliza mambo matatu: kipi kimekufa, bei yote ni ngapi, na kikiharibika tena wiki hii itakuwaje? Omba akurudishie kile kiungo cha zamani. Fundi mzuri hatakasirika.

Hata matajiri wameanza kujifunza

Msifikiri kutengeneza ni aibu ya maskini. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kuandika alama kwenye simu mpya kuonyesha kama zinatengenezeka kwa urahisi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kukubali kutengeneza baadhi ya vyombo hata baada ya garanti kwisha. Walikuwa na sababu: mwaka 2022 dunia ilitupa taka za umeme tani milioni 62, na hata robo yake haikukusanywa kwa utaratibu.

Sisi tuko na sababu ingine tena. Ndani ya simu mna madini ya tantalum, ambayo yanatoka kwenye koltani, na koltani nyingi inachimbwa Rubaya, kule kwetu Masisi. Tunajua ilivyotoka ardhini na kwa taabu gani. Simu inayodumu miaka miwili zaidi ni simu moja ambayo haijachimbiwa tena.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazazi, jumamosi hii toeni ule mfuko chini ya kitanda, mkae na watoto, mtenge mafungu matatu: cha kusafisha wenyewe, cha kupeleka kwa fundi, na cha kuacha. Watoto wenu wakubwa waacheni washike bisibisi, mradi betri imetolewa na hakuna waya kwenye umeme. Kijana anayejua kwa nini redio imenyamaza ana mwanzo wa kazi, na kazi hiyo ataibeba popote maisha yatakapompeleka.