Njia Ipo, Umeikataza



Magari mengi ya siku hizi yana ramani katika kioo kilicho karibu na usukani. Unaandika unakokwenda, nayo inakuongoza. Lakini ndani yake kuna maswali ambayo wengi hatuyafungui. Unataka njia ya haraka au njia fupi? Ya haraka huhesabu dakika. Fupi huhesabu kilomita, hata kama zote ni mawe. Kisha inakuja orodha ya mambo ya kuepuka: feri, barabara za kulipia, barabara zisizo na lami. Ukishaweka alama, gari halisahau. Hata mwakani litakutii.

Nilijifunza hayo nikienda Malambo, wilayani Ngorongoro. Jumanne niliitwa nikampe bibi mmoja Mpako wa Wagonjwa. Nikawaza vumbi na mawe, nikawaza gari la parokia lilivyochoka, nikasema nitakwenda Jumamosi, kwa kuwa muumini mmoja wa Arusha aliahidi kunipeleka kwa gari lake jipya.

Jumamosi tulipofika Mto wa Mbu akaandika "Malambo". Ramani ikajibu kwamba hakuna njia.

Katekista aliyekaa nyuma, mwenyeji wa huko, akacheka. "Baba, njia ipo. Gari ndilo limekatazwa kuiona."

Ilikuwa kweli. Mwenye gari ni mtu wa mjini. Aliweka alama ya kuepuka barabara zisizo na lami, akasahau. Na kwenda Malambo, hata upite Karatu na lango la Lodoare uvuke hifadhi, hata ushike kaskazini kwa Engaruka na Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, vumbi utalila tu. Akaondoa alama. Njia ikaonekana papo hapo.

Tulifika jioni. Bibi alikuwa amefariki Ijumaa alfajiri. Hakuna aliyenilaumu, walinipa chai ya maziwa. Binti yake alisema tu, "Jumatano alikuuliza, Padri. Alhamisi akakuuliza tena."

Usiku ule sikuwaza alama ya gari, niliwaza yangu. Ile ya gari ilituchelewesha dakika tano. Yangu ilinichelewesha siku nne.

Mpendwa, si kila kuepuka ni dhambi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 13, kinaeleza kwamba Mungu hakuwapitisha Waisraeli njia ya nchi ya Wafilisti ingawa ilikuwa karibu. Aliwazungusha jangwani kwa sababu aliujua udhaifu wao. Wakati mwingine njia ndefu ni huruma. Lakini tazama Yohane sura ya 4. Kati ya Wayahudi na Wasamaria palikuwa na chuki ya siku nyingi. Yesu alipita katikati yake, akachoka, akaketi kisimani. Angeizunguka, Galilaya angefika vilevile. Ila yule mwanamke angejaza mtungi wake na kurudi nyumbani kama alivyokuja.

Hapo ndipo penye hatari. Anayeepuka njia ngumu mara nyingi hufika salama aendako, wala hajui ni nani aliyekuwa akimngoja njiani.

Wewe moyo wako umeuambia uepuke nini? Yupo ndugu mliyegombana kwa ajili ya shamba la marehemu baba, nawe unasema hakuna njia ya kupatana. Yupo mzazi kijijini ambaye unamtumia pesa kwa simu ili usimwone akiwa mgonjwa. Ipo Kitubio ambayo umeizunguka tangu Pasaka ya juzi. Jiulize kwa haki: njia haipo, au umeikataza?

Leo, kabla ya Komunyo, fungua orodha yako. Ondoa alama moja tu. Kisha safiri, na usingoje Jumamosi.

Nakutakia Dominika njema.