Unarekodi ngoma na zeze nyumbani? Linda masikio yako

Bariadi. Mavuno yakiisha na pamba ikishauzwa, vijiji vya Binza na maeneo mengine ya Simiyu huingia kwenye msimu wa ngoma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana kwa vizazi vingi miongoni mwa Wasukuma, hurudi uwanjani na wafuasi wao.

Siku hizi burudani haiishii uwanjani. Kijana mwenye simu janja na kompyuta mpakato anaweza kumrekodi mpiga zeze sebuleni, akahariri usiku kucha, na asubuhi wimbo ukawafikia ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam.

Hata hivyo, katika kazi hiyo kipo kifaa kimoja ambacho hakina spea dukani, nacho ni sikio.

Sikio linavyoumia

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa inayodumu huzichosha, na ikizidi huziua. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 90 zinabaki saa nne kwa wiki, na kwenye desibeli 100 ni dakika 20 hivi. Kwa watoto, kiwango cha saa hizo 40 ni desibeli 75.

Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2021 ilieleza kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kutokana na namna wanavyosikiliza muziki.

Mhariri wa muziki ana mtego wake. Baada ya saa mbili za hedfoni sikio huchoka na kusikia hafifu. Yeye hudhani wimbo ndio umepoa, anaongeza sauti, sikio linachoka zaidi, naye anaongeza tena.

Sauti mbili tofauti

Wanaoanza wengi huchanganya mambo mawili: kiwango cha sauti inayoingia kwenye kinasa na kiwango cha sauti inayotoka kwenye hedfoni. Zeze likiingia hafifu, dawa si kuongeza hedfoni. Msogeze mpigaji karibu na kipaza sauti, au ongeza kiwango cha kuingiza.

Zeze na ngoma havifanani. Zeze ni pole, hivyo kipaza sauti kinaweza kukaa karibu. Ngoma hupiga kishindo cha ghafla, hivyo kiweke mbali zaidi, ikiwezekana mpigaji akiwa nje kwenye uwanja wa nyumba. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli sita.

Kabla ya kuanza, mwombe mpigaji apige sehemu yenye nguvu kuliko zote kwa nusu dakika, huku ukiangalia kipimo kwenye programu. Kilele cha sauti kikifika kati ya -12 na -6, inatosha. Sifuri ndiyo mwisho. Ikivukwa, sauti hupasuka, na kuitengeneza baadaye ni vigumu mno. Iliyorekodiwa chini kidogo huinuliwa kwa urahisi wakati wa kuhariri.

Chumba nacho kina mchango. Kuta tupu na bati hurudisha mwangwi. Mablanketi, mapazia mazito na magodoro yaliyosimamishwa ukutani huupunguza, na hapo mhariri halazimiki kuongeza sauti ili asikie vizuri.

Wakati wa kuhariri

Weka hedfoni kwenye asilimia 60 au chini yake na usiiguse tena. Anza kwa kushusha ala inayofunika nyenzake badala ya kupandisha zote. Njuga zikimeza filimbi, punguza njuga.

Kila baada ya saa moja, vua hedfoni na upumzike dakika kumi kwenye utulivu. Ukifika usiku wa manane, acha uamuzi wa mwisho hadi asubuhi, sikio likiwa limepumzika. Usikilize pia kwa spika ndogo ya simu, kwa kuwa ndiyo wasikilizaji wengi wanayotumia.

Wazazi wahakikishe mtoto mchanga halali kwenye chumba kinachopigwa ngoma. Mpigaji mwenyewe avae vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba ya kawaida, ingawa imejaa Simiyu, haizuii kelele kwa kiasi cha kutegemewa.

Dalili za kutopuuza

Mlio masikioni baada ya kazi, kuhisi sikio limeziba, au kuwaomba watu warudie wanachosema ni ishara kwamba sauti ilizidi. Pumzika na upunguze kiwango. Dalili zikiendelea zaidi ya siku moja au mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe. Wenye tatizo kubwa hupewa rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Usikivu ukipotea ghafla, hata kwenye sikio moja, wahi hospitali siku hiyohiyo, kwani matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi kubwa ya kusaidia.