Pikapu ya Dizeli na Tela: Kwanza Isimame, Kisha Ivute



Mchumo unakaribia, na kama ilivyo kila mwaka wenzetu wengi wameanza kuzitazama pikapu zao na kuuliza: tuifanyeje gari hii ivute zaidi? Mmoja ataka kufunga turbo. Mwingine ataka fundi ailegeze pampu ili imwage dizeli nyingi. Wa tatu amekwisha kununua majani ya springi. Sisi twaona kuwa swali hilo limeanzia mwisho. Gari ya shamba la karafuu ni mara chache kushindwa kuvuta. Inachoshindwa ni kusimama, na kupoa. Mfano wetu utakuwa Toyota Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, kwa kuwa ndizo wengi wetu tunazozijua, lakini mengi ya haya yaifaa pikapu yoyote ya dizeli.

Kwanza yafaa tujue tunavuta nini. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kiasi cha theluthi moja ya uzito wake. Basi anayevuta kilo 900 za karafuu mbichi kutoka shamba mpaka nyumbani atakuja kuuza kilo 300 hivi, na zile 600 zilizobaki ni maji aliyoyapandisha mlimani kwa dizeli yake. Mwenye nafasi ya kuanika karibu na mikarafuu yake amekwisha kuipunguzia gari kazi kubwa bila ya kununua hata skrubu moja. Twajua si kila mtu anaweza. Kuna wizi, kuna mvua, na kuchambua hufanywa nyumbani usiku, watu wote wakiwa wamekaa pamoja. Lakini karafuu mbichi haingoji. Ikilala ndani ya gunia hupata moto, na ikikaushwa hutoka imesinyaa na kufifia rangi, na bei yake huwa ya kusikitisha. Hapo ndipo gari mbovu inapokuwa hasara ya mchumo mzima.

Sasa tuje kwenye breki. Mwenzetu mmoja aliongeza majani mawili ya springi nyuma ya pikapu yake. Gari ikasimama kama jogoo, hata ikipakiwa hailali, nasi tulimsifu. Ikaja mvua ya vuli, akawa anateremka na tela iliyojaa karafuu mbichi. Alipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalifunga yakateleza juu ya udongo mwekundu. Ya nyuma yakaendelea kana kwamba hayakuambiwa kitu. Tela ikaisukuma gari mkiani, gari ikageuka ubavu, na vyote viwili vikaishia bondeni kwenye mpunga wa watu. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Karafuu ziliokotwa kesho yake, na ninyi wenyewe mwajua zilivyokuwa.

Watu walisema breki zilikuwa mbovu. Hazikuwa mbovu. Katika Hilux nyingi kuna vali ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, na kutoka kwenye vali hiyo kuna ufito wa chuma unaofika kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikipakiwa, chesisi hushuka na kuikaribia ekseli, ufito huisukuma vali, nayo huruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Gari ikiwa tupu, chesisi huwa juu, na vali huzipunguzia nguvu breki za nyuma ili zisifunge ovyo. Sasa ukiongeza majani ya springi, chesisi haishuki tena. Mzigo upo, lakini vali yaamini kuwa gari ni tupu. Breki za mbele hufanya kazi peke yake, na za nyuma hutekenya tu.

Kwa hiyo mwenye kuongeza springi hana budi kumwambia fundi airekebishe vali hiyo na ufito wake papo hapo, siku ile ile. Tazameni pia kama ufito wenyewe bado upo. Tumeona gari ambazo ufito ulikatika, ukatupwa, na hakuna aliyejali. Wala springi hazibadilishi kiasi ambacho gari iliruhusiwa kubeba na kuvuta na waliyoiunda. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, na chesisi ni ile ile iliyokwisha kula chumvi ya bahari miaka mingi.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya kisiwani haina upungufu wa unyevu. Yakiwa na maji ndani, breki zikipata moto mteremkoni maji yale hugeuka mvuke, na mguu wako hukuta pedali imekuwa laini kama sifongo. Yabadilisheni yote kila baada ya miaka 2, hata kama yaonekana masafi.

Na tela je? Katika nchi za Ulaya tela ambayo uzito wake wote umeruhusiwa kuzidi kilo 750 hutakiwa iwe na breki zake yenyewe. Tela zetu nyingi huungwa na mafundi wa kuchomea kwa ekseli ya gari kuukuu, na jambo la kusikitisha ni kwamba ekseli hiyo mara nyingi bado ina madramu ya breki, ila vya ndani vimetolewa vikauzwa. Ukimpata fundi mwenye akili, mwambie arudishe viatu vya breki na waya wake wa breki ya mkono, kisha afunge ndoano ya kuteleza: gari ikipunguza mwendo, tela huisukuma ndoano nyuma, nayo huvuta waya, na tela hujifunga yenyewe. Kama kuna fedha ya kazi moja tu mwaka huu, sisi tungeitia hapo kabla ya jambo jingine lolote.

Upakiaji nao ni nusu ya breki. Mzigo ukae zaidi kidogo mbele ya ekseli ya tela, hata ndoano ichukue kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela na mzigo wake. Tela ya kilo 1,000 ikandamize ndoano kwa kilo 100 hivi. Mizani ya kupimia magunia hufaa kwa kazi hii: iwekeni chini ya mkono wa tela, kwa kimo kile kile cha ndoano. Ukipakia nyuma sana, tela hutikisa mkia na kuiyumbisha gari barabarani. Ukipakia mbele mno, gari hukaa kitako, usukani huwa mwepesi, na taa humulika minazi badala ya njia.

Mteremkoni shukeni kwa gea ile ile ambayo mngepandia, na muiingize kabla ya mlima kuanza. Anayekanyaga breki kutoka juu mpaka chini atafika chini akiwa na moshi tu. Anayeshuka na klachi imekanyagwa ili abane dizeli, huyo hatuna la kumwambia.

Tuje kwenye kupoa. Injini za zamani za dizeli zikichemka mara moja mlimani huweza kupasua kichwa cha silinda, na bei ya kichwa mwaijua. Rejeta ya gari ya shamba huziba kwa vumbi, mbegu za majani na wadudu. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili taka zitoke zilikoingilia. Kile kifuniko kinachoizunguka feni kisitupwe. Bila yake feni huzungusha hewa ile ile yenye moto. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa yasitiwe, kwani hula chuma na kujenga ukoko ndani. Tumieni maji ya rejeta ya dukani, yale ya rangi.

Hapa pana kosa moja ambalo twaliona kila mahali. Gari ikichemka, fundi huitoa thamostati na kuitupa, na mwenye gari hufurahi. Lakini katika injini nyingi thamostati hiyo hiyo, ikishafunguka, huziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila ya kupita kwenye rejeta. Barabara ya tambarare gari huwa baridi mno na hula dizeli. Mlimani na tela, huchemka vile vile. Nunueni mpya. Na ikichemka njiani, simameni, iacheni ipoe, msifungue kifuniko na msimwage maji ya baridi juu ya chuma cha moto.

Dizeli yenyewe ndiyo inayoipaka mafuta pampu ya injini hizi. Kwa sababu hiyo anayechanganya mafuta ya taa ili apate nafuu ya senti chache aikausha pampu yake, na pampu ndiyo kifaa cha thamani kuliko karibu vyote chini ya boneti. Maji pia ni adui. Dizeli ya dumu iachwe itulie usiku kucha, imiminwe kwa kitambaa, na kile cha chini kisitiwe. Chini ya filta kuna kiskrubu cha kumwagia maji. Kilegezeni kila wiki wakati wa mchumo, kisha mpampu kwa mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, ili hewa itoke.

Mafuta ya injini yabadilishwe kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kwa gari ivutayo kila siku. Mkanda wa taiming wa injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Aliyenunua gari kuukuu asiye na habari ya mkanda wake na aubadilishe sasa. Ukikatika, vali na pistoni hugongana.

Tulisema kuna anayetaka turbo. Injini hizi zisizozaliwa nayo hugandamiza hewa kiasi cha mara 22. Ukizisukumia hewa na dizeli zaidi, moto na nguvu huzidi juu ya kichwa kile kile kilichokuwa chapasuka hata kabla. Kulegeza pampu bila ya turbo ni vibaya zaidi: moshi mweusi mtokao nao mlimani ni dizeli yenu isiyoungua. Kama gari kweli haipandi, safisheni kwanza filta ya hewa, mpime nozeli na taiming ya pampu, na mtazame kama breki hazishiki wakati hazikukanyagwa. Mara nyingi nguvu iliyopotea hupatikana hapo. Na ikiwa bado haitoshi, pakieni tela nusu, mwende safari mbili.

Neno la mwisho ni la nyororo. Kila tela iwe na nyororo mbili za kuishika gari endapo ndoano itachomoka, nazo zipishane chini ya mkono wa tela, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, ili mkono ukianguka ulalie juu ya nyororo usichome ardhi. Ziwe ndefu kiasi cha kukata kona tu. Chukueni na magogo mawili ya kuwekea magurudumu mnaposimama mlimani, na wachumaji warudi nyumbani kwa gari nyingine au kwa miguu, si juu ya magunia.