Mchochezi wa Ndoa Anaweza Kudaiwa Fidia

Simu inapigwa saa nne asubuhi. “Shoga, mumeo kaonekana na mtu. Ningekuwa mimi, saa hizi nishafungasha.” Jioni mpiga simu yuko mlangoni na bajaji, anasaidia kupakia mabegi.

Mtaani huo huitwa umbea, na unaishia hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaupa uzito mwingine. Kifungu cha 73 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu yeyote aliyemshawishi mwenzake amtoroke. Hakikuishia kwa hawara. Kinasema mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Kwa maneno hayo mama mkwe yumo, wifi yumo, na mwenye bajaji yake yumo.

Hata hivyo, si kila neno la barazani litamfikisha mtu kizimbani. Mdai anatakiwa kuthibitisha kwamba ushawishi ulikuwepo na kwamba ndio uliomtoa mwenzake nyumbani. Hapo mashauri huwa magumu, maana anayeondoka mara nyingi ana yake ya moyoni ya siku nyingi. Na fidia yenyewe si ya kumkomoa mtu: mahakama hukadiria, ikitazama pia mila za jamii ya wahusika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hiyohiyo inawataka watu wa nje waingie. Kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Hawa nao wanauliza mambo ya chumbani. Lakini huwaita wote wawili na kumpa kila mmoja nafasi ya kusikilizwa, na wakili haruhusiwi kusimama mbele yao. Wakishindwa kupatanisha, hutoa hati, nayo isiwe imepita miezi sita siku ya kufungua shauri. Yule wa bajaji alisikia tetesi, hakumuuliza mume hata neno moja, na hukumu akaitoa kabla ya chakula cha mchana. Kwangu mimi kosa lake ni hilo, wala si kwamba yeye ni mtu baki.

Sitaki kabisa jambo hili lichanganywe na kipigo. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ukisikia kilio usiku, gonga mlango. Mpe aliyeumizwa pa kulala, mpeleke polisi apate fomu ya PF3, kisha hospitali. Kwa maoni yangu, hapo hujamshawishi mtu kuacha ndoa yake. Umemtoa kwenye hatari. Nawasihi majirani, pamoja na ndugu wa mume, wasijifungie ndani kwa kuogopa kuitwa wachochezi.